Janga Kubwa Linapotokea, Nani Hulipa?
Jinsi kampuni za bima na za bima mtawanyo zinavyogawana hasara

Bima imejengwa juu ya wazo jepesi: watu wengi huchangia mfuko mmoja ili wale wachache wanaopatwa na hasara katika mwaka husika walipwe fidia. Wazo hili hufanya kazi vyema pale hasara zinapokuja moja moja. Gari likigongwa Mwanza leo na duka likiungua Mbeya mwezi ujao, matukio hayo mawili hayana uhusiano, na kampuni ya bima inaweza kukadiria kwa usahihi wa kuridhisha ni madai mangapi itakayoyapokea kwa mwaka.

Janga kubwa huivunja hesabu hiyo. Tetemeko la ardhi, mafuriko, kimbunga au moto ulioenea mtaa mzima huwafanya wachangiaji wengi wa mfuko uleule wageuke kuwa wadai kwa siku moja. Hapo ndipo mwananchi aliyelipa ada yake kwa uaminifu hujiuliza: je, kampuni yangu itaweza kutulipa sote? Makala haya yanaeleza utaratibu unaolijibu swali hilo, mipaka yake, na mambo ambayo mwenye bima anapaswa kuyafahamu kabla janga halijabisha hodi.

Bima mtawanyo ni nini

Bima mtawanyo ni bima ambayo kampuni ya bima hujikatia yenyewe. Kampuni uliyonunua bima kwake huchukua sehemu ya ada ilizokusanya na kuilipa kampuni nyingine, ambayo kwa malipo hayo huahidi kubeba sehemu ya hasara zitakazotokea. Kwa njia hiyo, mzigo uliokuwa juu ya bega moja hutawanywa juu ya mabega mengi, aghalabu katika nchi nyingi.

Utaratibu huu una historia ndefu, na majanga yenyewe ndiyo yaliyoufundisha ulimwengu umuhimu wake. Mwezi Mei 1842 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Hamburg nchini Ujerumani, na akiba za mfuko wa bima ya moto wa mji huo hazikutosha kufidia hasara. Miaka minne baadaye, mwaka 1846, ikaanzishwa mjini Cologne kampuni ambayo kazi yake mahususi ilikuwa bima mtawanyo. Mwaka 1861 mji wa Glarus nchini Uswisi nao uliungua, na mwaka 1863 ikazaliwa kampuni ya Swiss Re mjini Zürich. Munich Re ilifuata mwaka 1880. Hadi leo kampuni hizo mbili za mwisho ni miongoni mwa kampuni kubwa zaidi duniani katika biashara hii.

Afrika haikubaki nyuma. Africa Re, yenye makao makuu Lagos, iliundwa mwaka 1976 kwa mkataba wa nchi za Kiafrika pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kampuni za bima za nchi wanachama huipatia asilimia 5 ya mikataba yao ya bima mtawanyo. ZEP-RE, yenye makao makuu Nairobi, ilitokana na makubaliano ya mwaka 1990 ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kenya ina Kenya Re tangu mwaka 1970, na Tanzania ina TAN-RE iliyoanza biashara mwaka 2004. Shabaha mojawapo ya taasisi hizi ni kuhakikisha kwamba sehemu ya ada zinazolipwa na wananchi wetu inabaki katika ukanda huu, badala ya yote kwenda ng'ambo.

Njia mbili za kugawana hasara

Mikataba ya bima mtawanyo ni ya aina nyingi, lakini karibu yote huangukia katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mgawanyo wa uwiano. Hapa kampuni ya bima na kampuni ya bima mtawanyo hukubaliana juu ya asilimia. Ikiwa asilimia hiyo ni 40, basi kampuni ya bima mtawanyo huchukua asilimia 40 ya kila ada na hubeba asilimia 40 ya kila hasara, iwe ndogo au kubwa. Kwa kuwa kampuni ya bima ndiyo iliyomtafuta mteja na kumhudumia, hurudishiwa kamisheni ya kufidia gharama hizo.

Fungu la pili ni kinga ya hasara inayozidi kiwango. Hapa asilimia haihusiki. Kampuni ya bima hukubali kubeba yenyewe hasara hadi kiasi fulani, na kampuni ya bima mtawanyo hulipa kinachozidi hapo hadi kikomo kilichokubaliwa. Kinga hii hupangwa kwa matabaka kama ghorofa za jengo. Tabaka la chini huguswa mara nyingi zaidi na hivyo ada yake huwa ghali ukilinganisha na kinga inayotolewa. La juu huguswa kwa nadra, na ada yake huwa nafuu. Kila tabaka linaweza kuwa na kampuni kadhaa zilizogawana nafasi, moja asilimia 20, nyingine 15, nyingine 10, na kuendelea hivyo.

Kampuni nyingi hutumia njia zote mbili kwa pamoja. Mgawanyo wa uwiano huisaidia kampuni kuandikisha wateja wengi kuliko mtaji wake ungeruhusu. Kinga ya matabaka huilinda dhidi ya siku moja mbaya.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kampuni ya kubuni iliyokatia bima nyumba 10,000, kila moja kwa thamani ya shilingi milioni 60. Kila mwenye nyumba hulipa ada ya shilingi 120,000 kwa mwaka. Mapato ya ada kwa mwaka ni shilingi bilioni 1.2.

Tetemeko latokea. Nyumba 200 zabomoka kabisa, na kila moja yadai shilingi milioni 60, jumla bilioni 12. Nyumba 800 zapasuka kuta, na ukarabati wa kila moja wagharimu shilingi milioni 10, jumla bilioni 8. Hasara yote ni shilingi bilioni 20, yaani zaidi ya ada za miaka 16. Bila mtawanyo, kampuni hiyo imekwisha.

Lakini kampuni yetu ina mkataba wa uwiano wa asilimia 40. Kwa hiyo shilingi bilioni 8 zinabebwa na kampuni ya bima mtawanyo, na zinabaki bilioni 12. Juu ya kiasi hiki kilichobaki ina kinga ya matabaka iliyopangwa hivi:

– Shilingi milioni 500 za kwanza: kampuni yenyewe.
– Tabaka la kwanza: kinachozidi milioni 500 hadi kufikia bilioni 2.
– Tabaka la pili: kinachozidi bilioni 2 hadi kufikia bilioni 6.
– Tabaka la tatu: kinachozidi bilioni 6 hadi kufikia bilioni 15.

Hasara ya bilioni 12 inagawanywa hivi: kampuni hulipa milioni 500, tabaka la kwanza bilioni 1.5, tabaka la pili bilioni 4, na tabaka la tatu bilioni 6. Katika hasara ya bilioni 20, kampuni imetoa mfukoni mwake nusu bilioni tu, na familia zote 1,000 zimelipwa.

Sasa tubadilishe jambo moja. Tuseme tetemeko lilikuwa kali zaidi na hasara ikafika bilioni 30. Mkataba wa uwiano unabeba bilioni 12, zinabaki 18. Lakini matabaka yanakomea bilioni 15. Zile bilioni 3 zinazozidi hazina mbebaji. Zinarudi kwa kampuni yenyewe, juu ya ile milioni 500 ya awali. Kampuni ambayo hubakiwa na shilingi milioni 720 za ada kwa mwaka baada ya mgawanyo wa uwiano sasa inatakiwa kutoa bilioni 3.5. Ikiwa ina mtaji wa kutosha, itaumia lakini itasimama. Ikiwa haina, itaanguka, na pamoja nayo wateja wake.

Kutokana na mfano huu msomaji ataona kwamba kuwa na bima mtawanyo hakutoshi. Swali la msingi ni kama kilele cha kinga hiyo kinalingana na ukubwa wa janga linaloweza kutokea mahali kampuni ilikokusanya wateja wake.

Tukio moja au matukio mawili?

Kinga ya matabaka hufanya kazi kwa kila tukio. Kwa hiyo mkataba sharti ueleze tukio ni nini. Mikataba mingi hutumia kipimo cha saa: mathalani, hasara zote za tetemeko zilizotokea ndani ya saa 72 mfululizo huhesabiwa kuwa tukio moja. Mtikisiko ukirudi baada ya muda huo, ni tukio jipya, na kampuni ya bima italazimika kubeba upya kile kiwango chake cha kwanza.

Jambo jingine ni kwamba tabaka likishatumika, limekwisha. Ili kinga irejee kwa muda uliobaki wa mwaka, kampuni ya bima hulipa ada ya nyongeza, na aghalabu mkataba huruhusu urejeshaji huo mara moja tu. Majanga mawili makubwa katika mwaka mmoja yanaweza, kwa sababu hiyo, kuivua kampuni nguo zote mbili, ya ndani na ya nje.

Mzigo huishia wapi

Kampuni za bima mtawanyo nazo hujikatia bima kwa kampuni nyingine za aina hiyo, ili zisilemewe na nchi moja au janga moja. Hivyo hasara ya nyumba ya Kagera yaweza kulipwa kwa sehemu Dar es Salaam, kwa sehemu Nairobi na Lagos, na kwa sehemu Zürich, Munich au London. Ni msururu mrefu wa ahadi, na kila pingili hutegemea uaminifu na ukwasi wa inayofuata.

Msururu huu una matokeo ambayo mteja huyaona bila kujua yametoka wapi. Mwaka 2011 peke yake dunia ilishuhudia tetemeko la Christchurch mwezi Februari, tetemeko na tsunami ya Japani tarehe 11 Machi, na mafuriko makubwa ya Thailand katika nusu ya pili ya mwaka. Hasara za namna hii hupunguza mitaji ya kampuni zilezile zinazohudumia nchi nyingi, na bei ya bima mtawanyo inaweza kupanda hata kwa nchi ambazo hazikupatwa na lolote. Ndiyo maana ada ya bima ya jengo lako inaweza kuongezeka ilhali hujawahi kudai hata senti moja.

Funzo la Christchurch

Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 4 Septemba 2010, tetemeko la kipimo cha 7.1 lilipiga jimbo la Canterbury nchini New Zealand. Tarehe 22 Februari 2011 likafuata jingine, dogo kwa kipimo lakini lililokuwa karibu mno na mji wa Christchurch. Watu 185 walipoteza maisha, na katikati ya mji pakaharibiwa vibaya.

New Zealand ilikuwa nchi yenye bima kwa wingi. Nyumba zilizokuwa na bima ya kawaida zilikuwa pia na kinga ya chombo cha serikali cha matetemeko, kilichobeba dola za nchi hiyo 100,000 za kwanza, bila kodi, kwa kila nyumba. Kampuni binafsi ilibeba kilichozidi. Chombo hicho nacho kilikuwa na bima mtawanyo katika masoko ya dunia, na nyuma yake dhamana ya serikali. Kwa mtazamo wa karatasi, ghorofa zote zilikuwa mahali pake.

Tatizo lilijitokeza kwa AMI, kampuni ya pili kwa ukubwa nchini humo katika bima za nyumba, iliyokuwa ikimilikiwa na wenye bima wenyewe. Wateja wake wengi walikuwa Christchurch. Hasara zilipojumlishwa ikaonekana kwamba zingeweza kuzidi bima mtawanyo yake na mtaji wake. Mwezi Aprili 2011 serikali ilitangaza msaada wa hadi dola milioni 500 za New Zealand. Mwaka 2012 biashara ya AMI iliuzwa kwa kampuni nyingine, na madai ya matetemeko yakahamishiwa kwa kampuni ya serikali iliyoundwa kuyashughulikia. Mzigo uliokosa mbebaji ukaangukia walipakodi.

Kwa familia nyingi kusubiri kulikuwa kurefu. Nyumba moja ilikuwa imeharibiwa na mitikisiko zaidi ya mmoja, na wakadiriaji hasara walipaswa kuamua ufa upi ni wa Septemba na upi ni wa Februari, kwa kuwa kila tukio lilikuwa na kikomo chake na walipaji wake. Yapo madai yaliyochukua miaka.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kampuni yenye wateja wengi mahali pamoja inahitaji kinga ndefu kuliko kampuni yenye wateja waliotawanyika. Pili, katika janga kubwa, ushahidi wa hali ya nyumba kabla na baada ya kila tukio una thamani ya fedha.

Na kwetu je?

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Bukoba na vitongoji vyake. Watu walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa. Michango ya maafa ilikusanywa, na kila aliyetoa alitenda wema. Lakini mchango ni hiari ya mtoaji, na kiasi chake hakijulikani mpaka kifike. Fidia ya bima ni haki iliyoandikwa, na kiasi chake hujulikana kabla ya janga.

Ifahamike kwamba bima mtawanyo hufuata bima. Nyumba isiyokatiwa bima haina nafasi katika msururu tulioueleza: hakuna Lagos wala Zürich itakayoihesabu. Mwenye nyumba hubaki kuwa kampuni ya bima ya nafsi yake mwenyewe, akiwa na mteja mmoja na bila mtawanyo wowote.

Haki yako haimsubiri mtu wa tatu

Mkataba wako ni baina yako na kampuni iliyokukatia bima. Wewe si sehemu ya mkataba wa bima mtawanyo, hukuusaini, na kwa kawaida huwezi kuidai kampuni ya bima mtawanyo moja kwa moja. Kwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo, kampuni yako haipaswi kuutumia mkataba huo dhidi yako. Dai likishakubaliwa, jibu la kwamba "tunasubiri fedha kutoka kwa wenzetu wa nje" si sababu halali ya kukucheleweshea fidia. Mikataba ya bima mtawanyo huwa na kipengele kinachoiruhusu kampuni kuomba fedha za haraka hasara inapokuwa kubwa. Ni wajibu wake kukitumia.

Usichanganye jambo hili na bima ya pamoja, ambapo kampuni mbili au zaidi zimeandikwa kwenye hati yako, kila moja kwa sehemu yake. Hapo kila kampuni huwajibika kwako kwa sehemu iliyoandikiwa. Soma hati yako ujue ni ipi kati ya hali hizo mbili inayokuhusu.

Mambo ya kufanya kabla ya janga

Hakikisha janga limetajwa. Bima ya moto haimaanishi kwamba tetemeko, mafuriko au dhoruba vimo. Mara nyingi hivi huongezwa kwa maombi na kwa ada ya ziada. Omba viandikwe, usiridhike na maneno ya wakala.

Kata bima kwa thamani kamili. Nyumba ya milioni 60 ikikatiwa bima ya milioni 30, mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amejibebea nusu ya hatari. Akipata hasara ya milioni 20, anaweza kulipwa milioni 10 tu, hata kama kiwango cha bima yake kinazidi hasara hiyo.

Fahamu sehemu unayojibebea. Hati nyingi huweka kiasi cha kwanza cha hasara juu ya mteja, na kwa tetemeko au mafuriko kiasi hicho kinaweza kuwa asilimia ya thamani ya mali.

Uliza kuhusu mtawanyo. Una uhuru wa kuiuliza kampuni au dalali wako: je, mna kinga ya majanga makubwa? Inabebwa na nani? Hutapewa mkataba wenyewe, lakini kampuni makini haitaona haya kujibu. Ada iliyo chini mno kuliko ya wengine wote sokoni inastahili swali hilo zaidi.

Tunza kumbukumbu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha za nyumba na vyombo, hifadhi stakabadhi na nakala ya hati ya bima mahali nje ya nyumba hiyo. Janga likitokea, piga picha tena kabla ya kukarabati, na kama litarudi, piga tena, kila picha na tarehe yake.

Toa taarifa mapema. Ijulishe kampuni yako kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye hati, na ubaki na nakala yenye muhuri au uthibitisho wa kupokelewa.

Dai likikataliwa au likicheleweshwa bila maelezo ya kuridhisha, andika kwanza malalamiko kwa kampuni husika. Usiporidhika, yafikishe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha hati yako, barua zote na picha zako. Kazi ya kupima kama matabaka ya kampuni yanatosha ni ya kampuni na ya msimamizi wake. Kazi ya mwenye bima ni kuhakikisha kwamba, siku hesabu hiyo itakapopigwa, nyumba yake imo ndani yake kwa thamani iliyo sahihi.